Barua ya wazi kwa waandaaji wa AFCON 2027: Mgeni wetu atakuja na basi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya michezo, utalii na uhamiaji wa Tanzania, Kenya na Uganda;
Kwa kamati za maandalizi ya AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, katika nchi zote tatu.

YAH: MGENI AMBAYE HATUJAMWANDALIA

Waheshimiwa,

Ninaandika kutoka Arusha, ambako kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwongoza watalii, na kwa miaka sita ya karibuni ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba saba upande wa Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga. Sina cheo katika chama cha soka wala katika umoja wowote wa wenye hoteli. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko mikononi mwa wizara zaidi ya moja na nchi zaidi ya moja, na uzoefu wangu ni kwamba barua ya namna hiyo ikipelekwa kwa masijala hubaki ikisafiri kutoka meza hadi meza.

Tangu tarehe 27 Septemba 2023, siku CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ilipotangaza jijini Cairo kwamba zabuni yetu iliyoitwa Pamoja imeshinda, nimesikia karibu kila kiongozi aliyesimama mbele ya kipaza sauti akisema kwamba mashindano haya yatakuza utalii. Sipingani nao, kwa kuwa ugali wangu unategemea hilo hilo. Ninachouliza ni utalii upi, maana mgeni tuliyezoea kumwandalia na mgeni atakayekuja kwa ajili ya mpira ni watu wawili tofauti kwa mfuko, kwa paspoti, kwa lugha na hata kwa saa za kula, na maandalizi mengi ninayoyaona mpaka sasa yamemlenga yule wa kwanza.

Nianze na wageni wawili ambao ndio walionifanya nishike kalamu. Katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika, ambayo nchi zetu tatu ziliiandaa kama mazoezi ya AFCON, Senegal ilipangwa Zanzibar pamoja na Nigeria, Sudan na Congo. Mchezo wake wa mwisho wa kundi ulichezwa uwanja wa Amaan tarehe 19 Agosti, na robo fainali yake ikapangwa Kampala, dhidi ya Uganda, tarehe 23. Kwa timu hilo halikuwa tatizo, kwani timu hupanda ndege. Mashabiki wawili kutoka Dakar, mmoja fundi wa majokofu na mwenzake mwalimu wa shule ya msingi, walipiga hesabu ya nauli ya ndege, wakavuka kwa boti hadi Dar es Salaam na kupanda basi la usiku. Waliteremka karibu na mlango wangu alfajiri ya tarehe 21, miguu imevimba, wakiwa na jezi mbili, ngoma moja na begi moja la mgongoni kwa wote wawili.

Kifaransa changu ni kile nilichojifunza kwa kuwaonyesha wageni twiga na tembo, kwa hiyo tulielewana zaidi kwa vidole. Baada ya chai walitaka kubadilisha fedha. Walikuwa na noti za faranga za CFA, fedha inayotumika katika nchi nane za Afrika Magharibi, na yenye ndugu yake wa jina hilo hilo katika nchi sita za Afrika ya Kati. Zijumlishe, waheshimiwa, muone ni timu ngapi za AFCON zinatoka huko. Nilizunguka nao kwenye maduka matatu ya kubadilisha fedha katikati ya mji na hakuna hata moja lililozipokea. Katika duka la tatu kijana aliyekuwa dirishani alizigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kama hizi ni fedha za kweli. Yule fundi hakujua neno hata moja, lakini alielewa swali lote. Alizikunja noti zake akazirudisha mfukoni, na ikabidi mwenzake atoe dola alizokuwa ameziweka akiba ya Kampala.

Mchana waliniuliza simba wanaonekana wapi. Nikawatajia kiingilio na bei ya gari. Walitazamana, wakacheka kicheko cha watu waliozoea kuambiwa bei za watu wengine, na hawakuuliza tena. Basi nikawapeleka soko la Kilombero, wakanunua vitenge, kisha kwa wauza bidhaa za Kimasai wakanunua mashuka manne, wakala mbuzi choma kwa ndizi, wakasajili laini ya simu, wakapanda bodaboda kwenda kupiga picha Mnara wa Saa na kurudi. Jioni Mlima Meru ulifunguka kidogo nyuma ya nyumba, wakakaa barazani kuutazama bure. Asubuhi iliyofuata walielekea Namanga, na kutoka hapo Nairobi, na kutoka Nairobi basi jingine la usiku. Nilipiga hesabu ya walichoacha Arusha: ilikaribia shilingi laki mbili, na karibu yote ilikwenda kwa watu ambao katika miaka yangu kumi na tisa ya kuongoza watalii sijawahi kuona mtalii wa kifurushi akiwafikia. Mgeni wa kifurushi hulipia kila kitu kwao kabla hajapanda ndege, hupokelewa uwanja wa ndege wa KIA, na hupita Kilombero ndani ya gari, kioo kikiwa kimefungwa.

Kwa maneno mengine, wale mashabiki wawili walikuwa watalii halisi, tena wa aina tunayosema kila siku kwamba tunaitaka, inayoacha fedha mikononi mwa wananchi wa kawaida. Ila hapakuwa na kitu kimoja katika safari yao kilichokuwa kimewekwa kwa ajili yao.

Wenzetu wamelipitia hili, na yapo ya kujifunza kwao. Afrika Kusini ilijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2010 ikitarajia wageni wengi kuliko waliofika. Hesabu yake yenyewe baada ya mashindano ilikuwa wageni wapatao 309,000 waliokuja mahsusi kwa ajili ya mpira. Kampuni iliyopewa na FIFA kazi ya malazi ilikuwa imeshika vyumba vingi mno, na mashindano yalipokaribia ikavirudisha kwa wenyewe, wakati ambapo wenye nyumba za wageni walikuwa wamekwisha kuwakatalia wateja wao wa kila mwaka. Jambo linalonigusa zaidi ni la tiketi. Kwa muda mrefu ziliuzwa zaidi kwa njia ya mtandao, kwa mtu mwenye kadi ya benki na subira ya kujaza fomu, na ni Aprili 2010, miezi miwili kabla ya mchezo wa kwanza, ndipo madirisha ya kuuzia tiketi kwa fedha taslimu yalipofunguliwa. Kwa shabiki wa Maputo au Lusaka, ambaye angeweza kufika kwa basi, habari hiyo ilikuja akiwa amekwisha kukata tamaa. Bara zima liliambiwa kwamba hilo ni Kombe la Afrika, lakini mlango ulijengwa kwa kipimo cha mtu wa Ulaya.

Mfano wa pili ni London. Mwaka 2012 jiji lile liliandaa Olimpiki, na mwezi Agosti wa mwaka huo Uingereza ilipokea wageni wachache wa kigeni kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia. Waliokuja kwa michezo walikuja, lakini watalii wa kawaida walikimbia msongamano na bei. Nawaombeni mlitazame hili kwa macho ya mtu wa Arusha au wa Maasai Mara. Katikati ya mwaka, Juni hadi Septemba, ndio msimu wetu wa juu: nyumbu wanavuka Mto Mara, vitanda vya Serengeti vimelipiwa mwaka mmoja kabla, na Tanzania kwa jumla, ambayo mwaka 2024 ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, haina shida ya kutafutiwa wateja katika miezi hiyo. Mashindano yakiangukia katika kipindi hicho, na sisi tukiwa tumekaa tukingoja mtalii yule yule wa safari aje mara mbili, tutamfukuza tuliyenaye kwa bei za kukomoana na hatutampata tunayemngoja. Nimewasikia wenzangu wenye nyumba za kulala wageni wakisema kwamba chumba cha shilingi 40,000 kitakuwa dola 150. Nawaheshimu, lakini fundi wa majokofu hatakilipia hicho chumba. Atalala stendi, au hatakuja kabisa.

Sasa niseme kuhusu neno Pamoja, kwa sababu ndilo tulilolipeleka Cairo.

Ipo viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100, inayomruhusu mgeni kuingia na kutoka kwa siku 90. Inatumika Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Maana yake, waheshimiwa, ni kwamba nchi ambayo si mwenyeji wa AFCON imo ndani ya viza, na nchi mwenyeji iko nje yake. Shabiki ambaye timu yake itacheza mchezo wa kwanza Dar es Salaam, wa pili Arusha na wa mtoano Nairobi au Kampala atafuata masharti ya kila nchi peke yake, kwa utaratibu tofauti na ada tofauti, na ikiwa anatoka katika baadhi ya nchi za bara letu ombi lake la Tanzania halitolewi papo hapo anapotua, bali hupelekwa kwanza kuchunguzwa. Akiamua kuvuka kwenda Zanzibar kuoga baharini siku mbili, atakuta bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024. Na kabla ya yote hayo atakuwa ameulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo sina neno nayo, ni afya zetu; lakini ni vema aambiwe mapema, kwa lugha yake, kuliko kuambiwa kwenye foleni ya Namanga saa nane ya usiku. Sioni kwa nini mtu mwenye tiketi halali ya mchezo asipewe kibali kimoja cha nchi tatu, kwa muda wa mashindano tu, kitakachotambuliwa na idara zote tatu za uhamiaji. Hilo halihitaji uwanja mpya wala mkopo. Linahitaji sahihi tatu.

Mipaka yetu nayo ina mazoea ambayo sisi wa kazi hii tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena. Nimehamisha mabegi pale Namanga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: gari la Kenya linasimama upande wao, langu upande wetu, na wazee wa Kiingereza wenye fimbo wanatembea katikati juani huku mimi na dereva mwenzangu tukipishana na masanduku, kwa kuwa gari la watalii la nchi moja haliruhusiwi kuendelea na wageni ndani ya nchi nyingine ila katika vituo vilivyokubaliwa. Kule Bologonja, mahali Serengeti inapogusana na Maasai Mara, nyumbu huvuka kila mwaka bila kuulizwa, lakini mtalii hapiti tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya zamani ilipovunjika. Desemba 2014 magari yetu yalizuiwa kuchukua wageni katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Januari 2024 ilibaki kidogo ndege za Kenya Airways zizuiwe kuleta abiria Dar es Salaam, kwa ajili ya ugomvi wa ndege za mizigo, mpaka wakubwa walipokaa wakayamaliza. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, uongozaji watalii ukiwemo, na majirani wakalalamika. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na sababu zake na nyingine ninaziunga mkono. Mimi mwenyewe ni mwongoza watalii na sipendi kunyang'anywa kazi nyumbani. Lakini mabasi ya mashabiki hayawezi kuendeshwa kwa mtindo wa kuhamisha mabegi. Mashabiki elfu mbili wa timu moja wakitoka uwanja wa Kasarani, Nairobi, usiku ili wawahi Arusha kesho yake, ni lazima basi lile lile livuke nao, dereva yule yule, na mizigo ibaki mahali ilipo. Tunaomba kibali maalumu cha mabasi ya mashindano kijadiliwe sasa, nasi waongozaji wa nchi zote tatu tushirikishwe, badala ya kusubiri mpaka picha za foleni zianze kusambaa kwenye simu za watu.

Jambo la bei za hifadhi najua ni zito, kwa sababu hifadhi hizo ndizo zinazolipa mishahara na barabara. Mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa zaidi ya dola 80 kwa siku kuingia Serengeti katika msimu wa juu, kodi ikiwa ndani yake. Gari linaloshuka kreta ya Ngorongoro hulipiwa dola 295, mbali na kiingilio cha kila aliyemo ndani. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani nchini Uganda ni dola 800. Mtanzania, Mkenya na Mganda huingia Serengeti kwa shilingi 11,800. Kati ya viwango hivyo viwili hakuna kitu kwa Mwafrika anayekuja kutembea tu: Mzambia, ambaye ni jirani yetu wa Tunduma na hununua mchele wetu, hulipa sawa na Mjerumani. Siombi Serengeti ishushwe bei mwezi ambao imejaa, kwani hiyo ingekuwa ni kujikata mkono. Ninaomba kiwango cha kati, kwa mtu mwenye paspoti ya nchi ya Afrika na tiketi ya mchezo, katika hifadhi ambazo zina nafasi na ziko karibu na viwanja: Hifadhi ya Arusha, ambayo kutoka mjini ni mwendo usiofika saa moja na nusu; Mikumi, ambayo treni ya SGR imeisogeza karibu na Dar es Salaam kwa kumfikisha mgeni Morogoro; Hifadhi ya Nairobi, ambako simba hupigwa picha na majengo ya jiji yakiwa nyuma yake; Ziwa Mburo kwa watakaokuwa Uganda. Siku mbili au tatu kati ya mchezo na mchezo ndizo zitakazoamua kama tumepata mtalii au tumepata mtu aliyelala hotelini akiangalia simu. Wale wageni wangu walikuwa na saa 26 Arusha. Wangeweza kumwona twiga na nyati Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, na kurudi jioni, kama tu bei ingekuwa ya kutajika mbele yao.

Na si kila mgeni anataka twiga. Hapa ndipo mabango yetu yanaponishangaza kidogo. Mtu anayetoka Kinshasa, Lusaka au Moroni akitajiwa Dar es Salaam hafikirii kwanza fukwe, anafikiria Kariakoo. Wafanyabiashara wa Congo, Zambia, Malawi na Comoro wamekuwa wakija pale kwa miaka, wakijaza nyumba za kulala wageni za Mtaa wa Msimbazi na za pembeni yake, wakitoka na marobota ya nguo, vyombo na vipuri. Hao ni wageni wa kimataifa, wanalala, wanakula, wanalipa, na sijaona hata kipeperushi kimoja cha utalii chenye picha ya Kariakoo. Mashabiki watakaokuja 2027 ni ndugu zao. Watataka soko linalofungwa usiku wa manane, watataka kujua mahali pa kuswali Ijumaa na kanisa la Jumapili, watataka mahali pa kucheza muziki mpaka asubuhi, watataka Mji Mkongwe na Forodhani, Ngome ya Yesu pale Mombasa, Jinja mahali Nile inapoanza safari yake. Vitu hivyo tunavyo tayari. Kinachokosekana ni kuvipanga na kuvitangaza kwa Kifaransa, Kiarabu na Kireno, lugha za sehemu kubwa ya timu zitakazofuzu, badala ya kuongeza toleo jingine la Kiingereza kwa ajili ya maonyesho ya utalii ya Berlin na London. Waongozaji vijana wanaozungumza Kifaransa Arusha wapo, wengi wao wamejifunza wenyewe. Wakipewa mafunzo mafupi na fulana zinazotambulika, wataokoa sura yetu katika vituo vya mabasi, ambako ndiko sura hiyo itakakopimwa.

Kuhusu viwanja vyenyewe sitasema mengi, kwa kuwa wapo wahandisi na wakaguzi wa CAF. Nitauliza tu kuhusu siku inayofuata fainali. Uwanja mpya wa Olmoti, hapa Arusha, ni wa watu 30,000, na kwa miaka yote niliyoishi hapa mji wetu umekuwa na kawaida ya kujaza uwanja siku ambazo Simba au Yanga wamekuja, basi. Cape Town ilitumia zaidi ya randi bilioni 4 kwa uwanja wake wa 2010, na baadaye jiji likabaki likiubeba kwa ruzuku mwaka baada ya mwaka. Manaus nchini Brazil ilijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa michezo minne ya Kombe la Dunia la 2014. Ningependa kuiona kalenda ya Olmoti ya mwaka 2028 kabla ya kufika 2027. Moshi, kilomita 80 tu kutoka hapa, ina jawabu lake: Kilimanjaro Marathon hufanyika kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, bila uwanja wowote mpya, na wikiendi hiyo ukitafuta kitanda Moshi utaishia kulala Arusha, tena kwangu mara nyingine. Tukio dogo linalorudi kila mwaka hujenga mazoea kwa mgeni, na Naivasha wanaliona hilo tangu mashindano ya dunia ya magari yaliporudi huko mwaka 2021.

Linabaki suala la mashine na mitandao. Tiketi za AFCON zitakuwa za kielektroniki. Viza ni za mtandaoni. Mgeni atalipa kwa simu au kwa kadi. Tuliona Agosti 2025 namna CAF ilivyopunguza idadi ya watazamaji Kasarani baada ya watu kuingia bila tiketi, kwa hiyo ukali wa milangoni naukubali. Lakini mfumo wote huo unasimama juu ya intaneti, na siku zile za mwisho wa Oktoba 2025 ilipozimika nchini kwetu nilikuwa na familia ya watu wanne kwenye chumba namba tano ambao hawakuweza kulipa, hawakuweza kubadilisha tarehe ya ndege, na kwao hawakuweza hata kusema kwamba ni wazima. Niliwalisha kwa imani, na walinilipa baadaye mpaka senti ya mwisho. Sitaki kurudia jaribio hilo nikiwa na vyumba saba vilivyojaa mashabiki. Tunahitaji ahadi iliyoandikwa kwamba mawasiliano hayatakatwa wakati wa mashindano, na tunahitaji madirisha ya kuuza tiketi kwa fedha taslimu mapema, mwaka mmoja kabla kama inawezekana, katika miji ya mipakani ya Tunduma, Kigoma, Mutukula, Busia na Namanga. Benki nazo ziagizwe kupokea faranga za CFA, zote mbili, katika miji yenye viwanja. Kijana wa dirishani asilaumiwe. Hakuna aliyewahi kumwonyesha noti hizo.

Waheshimiwa, yule fundi wa majokofu bado tunawasiliana. Senegal ilishinda ile robo fainali ya Kampala kwa bao moja, na alinitumia picha akiwa katika uwanja wa Namboole amejifunga shuka la Kimasai juu ya jezi. Anakusanya fedha kwa ajili ya 2027 na anasema safari hii watakuwa kumi na wawili. Wiki iliyopita aliniandikia swali, kwa Kifaransa kilichonilazimu kumwita jirani anisomee: kama timu yao itapangwa Arusha halafu ikasogea Kampala, aombe viza ngapi, azilipie wapi, na je, basi wanaloweza kulikodi kwa pamoja litaruhusiwa kuvuka nao Namanga? Nimemjibu kwamba vyumba vinne nimeviandika kwa jina lake, kwa bei ile ile, na kwamba majibu ya maswali mengine nitampelekea nitakapoyapata kutoka kwenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza watalii na mwenye nyumba ya wageni,
Sakina, Arusha